Andreas Vesalius: mtu aliyethubutu kuhesabu upya mifupa ya kichwa



Mahali aliposulubishwa Bwana wetu paliitwa Golgotha, maana yake Fuvu la Kichwa. Kila Ijumaa Kuu tunalitaja jina hilo kanisani, na wengi wetu hatuendi mbali zaidi ya jina. Lakini fuvu ni kazi ya mikono ya Mungu, kama vile nyota na milima zilivyo kazi yake. Zaburi ya 139 inatufundisha kwamba sisi tuliumbwa kwa namna ya ajabu, na kwamba mifupa yetu haikufichika machoni pa Muumba wakati tulipokuwa bado tumboni mwa mama. Leo napenda niwasimulie maisha ya mtu mmoja ambaye aliichukua mifupa hiyo mikononi, akaitazama kwa macho yake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo akawaudhi wakubwa wa siku zake. Jina lake ni Andreas Vesalius. Hakuwa mchungaji, wala hakuwa Mprotestanti. Hata hivyo maisha yake yana neno la kutuambia sisi wa makanisa ya mashariki mwa Congo.

Mtoto wa Bruxelles

Vesalius alizaliwa Bruxelles tarehe 31 Desemba 1514, katika nchi ambayo leo tunaiita Ubelgiji. Ukoo wake ulitoka mji wa Wesel, kando ya mto Rhine, na ndiyo maana ya jina lake. Kwa vizazi kadhaa watu wa ukoo huo walikuwa madaktari, na baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Charles wa Tano. Kaisari huyo ndiye aliyeketi kwenye baraza la Worms mwaka 1521, Martin Luther aliposimama mbele yake akakataa kuyakana maandishi yake.

Kwa hiyo mtoto huyu alikua katika miaka ya Matengenezo ya Kanisa. Alipokuwa na miaka 2, Luther alitoa hoja zake 95. Alipokuwa na miaka 8, watawa wawili vijana waliofuata mafundisho ya Luther, Hendrik Voes na Jan van Essen, walichomwa moto hadharani katika mji huohuo wa Bruxelles, tarehe 1 Julai 1523. Hao ndio wanaohesabiwa kuwa wafia dini wa kwanza wa Matengenezo. Ilikuwa hatari wakati huo kusema kwamba wakubwa wamekosea. Tulikumbuke jambo hilo tunapoendelea na habari hii.

Vesalius alisoma Louvain, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za wasomi. Mwaka 1533 alikwenda Paris kusomea udaktari.

Daktari kutoka Pergamo

Ili tuelewe kazi yake, inatupasa kwanza kumjua mtu mwingine aliyekufa karibu miaka 1,300 kabla yake. Mtu huyo ni Galeno, mzaliwa wa Pergamo, mji uleule ambao tunausoma katika Ufunuo sura ya 2 kati ya yale makanisa saba. Galeno alizaliwa karibu mwaka 129 baada ya Kristo. Kwanza aliwatibu wapiganaji wa viwanjani huko Pergamo, baadaye akaenda Roma akawa daktari wa makaisari. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi na bidii, na vitabu vyake ni vingi mno.

Shida ilikuwa moja. Katika siku zake haikuwa desturi kupasua maiti za watu ili kujifunza. Galeno alipasua kima, nguruwe, mbwa, mbuzi na ng'ombe. Yale aliyoyaona kwa wanyama aliyaandika kana kwamba ndivyo yalivyo kwa mwanadamu. Mara nyingi alipata ukweli, kwa sababu mwili wa mnyama na mwili wa mtu hufanana katika mambo mengi. Lakini mahali pengine havifanani, na hapo ndipo alipokosea.

Baada ya Galeno, vizazi kwa vizazi vya walimu vilisoma vitabu vyake na kuvirudia. Katika vyuo vikuu vya Ulaya, profesa aliketi kwenye kiti cha juu, akasoma Galeno kwa sauti. Chini yake kinyozi mwenye kisu alipasua maiti, na mtu wa tatu alionyesha kwa fimbo. Profesa hakushika mwili, kinyozi hakujua Kilatini, na wanafunzi waliokaa mbali hawakuona vizuri. Kilichoonekana mezani kisipopatana na kitabu, watu walidhani kwamba maiti ile ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Katika makaburi ya Paris

Kijana Vesalius hakuridhika na mafundisho ya namna hiyo. Katika Paris kulikuwa na makaburi ya Watoto Wasio na Hatia, mahali ambapo mifupa ya zamani ilifukuliwa na kurundikwa ili kutoa nafasi kwa wafu wapya. Vesalius na wenzake walikwenda huko wakakaa saa nyingi wakichunguza mifupa. Walikwenda pia Montfaucon, mahali pa kunyongea wahalifu nje ya mji, na huko walishambuliwa na mbwa wakali. Walizoea mifupa kiasi kwamba waliweza kufungwa macho kwa kitambaa, wakapewa mfupa wowote, na wakautaja kwa kuupapasa tu.

Mwaka 1536 vita kati ya mfalme wa Ufaransa na Kaisari vilimlazimisha kurudi Louvain. Huko, pamoja na rafiki yake Gemma Frisius, mtaalamu wa hesabu, aliona nje ya mji maiti ya mhalifu iliyoachwa juu ya mti. Ndege walikuwa wamekula nyama yote, ikabaki mifupa iliyoshikana kwa mishipa mikavu. Vesalius alipanda akaichukua kwa siri, akaisafisha na kuiunganisha, akapata kiunzi kamili cha mifupa ya mtu. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, William Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza, aliuawa Vilvoorde, karibu na Bruxelles, na wanatheolojia wa Louvain walikuwa na sehemu katika hukumu yake.

Tusipite haraka juu ya jambo hili la maiti. Wengi wenu mmeguswa, na mna haki ya kuguswa. Sisi tunawaheshimu wafu wetu, na tunajua uchungu wa kumkosa ndugu wa kuzika. Miili ambayo Vesalius aliitumia ilikuwa ya maskini na ya watu waliohukumiwa kifo, na hakuna aliyewaomba ruhusa wao wala jamaa zao. Elimu ambayo leo inamsaidia daktari kumwokoa mama katika hospitali zetu ilianza namna hiyo. Hatuwezi kuifuta historia, lakini tunaweza kuwakumbuka wale wasio na jina kwa shukrani, na kudai kwamba siku zetu mwili wa maskini upewe heshima ileile ya mwili wa tajiri.

Profesa anayeshuka kutoka kwenye kiti

Vesalius alikwenda Italia, akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Padova tarehe 5 Desemba 1537. Kesho yake aliwekwa kufundisha upasuaji na elimu ya mwili. Alikuwa bado hajatimiza miaka 23.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kushuka kutoka kwenye kiti. Alimwondoa kinyozi, akashika kisu yeye mwenyewe, akawaita wanafunzi wasogee karibu na meza. Aliwachorea pia picha kubwa, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mwaka 1538 alichapisha karatasi sita za picha hizo.

Lakini msidhani kwamba aliuona ukweli wote siku moja. Katika karatasi hizo za 1538 bado alimfuata Galeno. Alichora ini lenye ndimi tano, ambalo si ini la mtu. Galeno alifundisha pia kwamba chini ya ubongo wa mtu kuna wavu wa ajabu wa mishipa ya damu. Wavu huo upo kwa kondoo na ng'ombe, kwa mtu haupo. Vesalius aliufundisha kwa muda, na ili wanafunzi wauone, aliweka kando kichwa cha kondoo au cha ng'ombe, kwa kuwa katika kichwa cha mtu hakuupata. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba alikuwa amedanganyika, akajishangaa mwenyewe. Mwalimu wa namna hiyo ni adimu. Wengi wetu, tukishafundisha jambo mbele ya watu, tunaona ni afadhali kulishikilia kuliko kulisahihisha.

Mwaka 1540 alialikwa Bologna. Huko aliweka mbele ya watu kiunzi cha mtu na kiunzi cha kima, akaonyesha kwamba maneno ya Galeno kuhusu uti wa mgongo yalikuwa yanapatana na kima na si mtu. Tangu hapo alijua kwamba kazi yote ilipasa kufanywa upya, tangu mifupa.

Taya moja, si mbili

Sasa tuje kwenye kichwa chenyewe. Leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba fuvu la mtu mzima lina mifupa 22. Minane inafanya sanduku la kutunza ubongo: mmoja wa paji la uso, miwili ya juu kushoto na kulia, miwili ya pande za masikio, mmoja wa kisogo, na miwili iliyojificha chini na mbele, nyuma ya macho na pua. Mifupa 14 iliyobaki ni ya uso: ya mashavu, ya pua, ya kaakaa, ya taya la juu na mingineyo. Mifupa hii imeungana kwa mistari iliyopindapinda kama mshono wa nguo, na mtu mzima hawezi kuitikisa.

Mmoja tu katika hiyo 22 unatembea, nao ni taya la chini. Weka vidole vyako mbele kidogo ya masikio, kisha ufungue na ufunge kinywa. Pale unapohisi kitu kikitembea ndipo taya linapokutana na fuvu, kushoto na kulia. Kwa viungo viwili hivyo tunatafuna muhogo, tunaimba, tunaomba, na pia tunasengenya. Yakobo alipoandika juu ya ulimi katika sura yake ya 3 hakutaja taya, lakini ulimi bila taya hausemi.

Galeno alifundisha kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili iliyounganishwa kwenye kidevu. Ukimchukua mbwa, utaona kweli nusu mbili zinazokutana mbele. Lakini Vesalius alikuwa ameshika mataya mengi mno, ya Paris, ya Louvain, ya Padova, na katika watu wazima aliona mfupa mmoja usio na mshono. Akaandika hivyo bila kuficha. Leo tunajua pia kwamba mtoto mchanga huzaliwa na nusu mbili, nazo hushikana na kuwa mfupa mmoja katika mwaka wake wa kwanza.

Kuhusu taya la juu, Galeno alisema kwamba meno ya mbele yana mfupa wao peke yake, uliotengwa kwa mshono kwenye uso. Ndivyo ilivyo kwa mbwa na kima. Vesalius alikataa, kwa sababu kwenye uso wa mtu mzima mshono huo hauonekani. Ili msomaji aone mwenyewe, katika kitabu chake aliweka picha ya fuvu la mtu likiwa juu ya fuvu la mbwa. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kulinganisha.

Hapa pia kuna somo la unyenyekevu. Mwaka 1784 Johann Wolfgang von Goethe, mshairi wa Ujerumani, alionyesha kwamba alama za mfupa huo zipo hata kwa mwanadamu. Mtoto anapoumbwa tumboni, sehemu hiyo huanza peke yake, kisha huungana na nyingine mapema sana. Aliyemsahihisha Galeno naye akasahihishwa.

Na jambo hilo linatugusa, kwa sababu sehemu za uso wa mtoto zisipoungana vizuri tumboni, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka, ambao wengine huuita mdomo wa sungura. Katika vijiji vyetu mama wa mtoto kama huyo hushutumiwa. Wanasema amelaaniwa, au amevunja mwiko. Ndugu zangu, si laana. Ni mshono ambao haukufungwa, na mpasuaji anaweza kuufunga. Kanisa linapaswa kuwa la kwanza kumsindikiza mama huyo hospitalini, na la mwisho kumnyoshea kidole.

Kitabu cha mwaka 1543

Vesalius aliandika yote katika kitabu kikubwa chenye sehemu saba na kurasa zaidi ya 600, kwa Kilatini: De humani corporis fabrica, yaani kuhusu muundo wa mwili wa mwanadamu. Sehemu ya kwanza yote ni ya mifupa na gegedu, kwa kuwa mifupa ni kwa mwili kama nguzo kwa nyumba. Picha zilichongwa kwenye vibao vya mbao, na vibao hivyo vilibebwa na nyumbu kuvuka milima ya Alps kutoka Venezia mpaka Basel, katika Uswisi.

Basel ulikuwa mji uliokwisha kupokea Matengenezo. Huko ndiko kitabu cha Jean Calvin, Mafundisho ya Dini ya Kikristo, kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1536. Mchapaji wa Vesalius alikuwa Johannes Oporinus, mtu mwenye elimu na ujasiri, na kitabu kilitoka mwaka 1543. Alipokuwa Basel, Vesalius alipasua pia maiti ya mhalifu aliyehukumiwa kifo, Jakob Karrer, akaunganisha mifupa yake. Kiunzi hicho kipo hata leo katika jumba la makumbusho la chuo kikuu cha Basel. Mwaka huohuo wa 1543 ndipo kitabu cha Copernicus kilisema kwamba dunia inazunguka jua. Vesalius alikuwa na miaka 28.

Mambo mawili katika kitabu hicho yanawahusu wahubiri moja kwa moja. La kwanza ni ubavu wa Adamu. Kwa sababu Mwanzo sura ya 2 inasimulia kwamba Mungu alitwaa ubavu mmoja, watu wengi waliamini kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu. Hata leo katika mashariki yetu nimesikia hilo likihubiriwa. Vesalius alihesabu, akaandika kwamba mwanamume na mwanamke wana mbavu sawa, 12 kila upande. Je, Maandiko yametikisika? Hata kidogo. Biblia haisemi popote kwamba wana wa Adamu walizaliwa na upungufu. Mtu aliyekatwa kidole huzaa watoto wenye vidole vyote. Kilichotikisika ni mazoea yetu ya kuiongezea Biblia maneno.

La pili ni mfupa wa ufufuo. Kulikuwa na mafundisho ya zamani kwamba ndani ya mwili kuna kifupa kidogo kisichoungua wala kuoza, na kwamba siku ya mwisho Mungu atamjenga mtu tena kutoka kwenye kifupa hicho. Vesalius aliitaja imani hiyo, akawaachia wanatheolojia mjadala wake. Basi sisi wanatheolojia tujibu. Tumaini letu halijajengwa juu ya kifupa. Paulo katika 1 Wakorintho 15 analijenga juu ya Kristo aliyefufuka. Nasema hili hasa kwa ajili ya familia zetu ambazo wapendwa wao waliteketea ndani ya nyumba, au walizama ziwani, au walibaki porini bila kaburi. Hakuna mfupa ambao Mungu anauhitaji kwanza ili amkumbuke mtu wake.

Waliomkataa

Kitabu kilipokelewa na wengi kwa furaha, lakini wakubwa kadhaa walikasirika. Aliyeumiza zaidi alikuwa Jacobus Sylvius, mwalimu wake wa Paris, ambaye Vesalius alimheshimu. Sylvius hakuweza kukubali kwamba Galeno alikosea. Alisema kwamba ikiwa miili ya leo haifanani na maneno ya Galeno, basi ni miili iliyobadilika tangu zamani. Mwaka 1551 alichapisha maandishi makali dhidi ya mwanafunzi wake, akigeuza jina Vesalius liwe kama neno la Kilatini lenye maana ya mwendawazimu.

Vesalius naye hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka na alijipenda. Alipoacha kufundisha ili awe daktari wa Kaisari Charles, alichoma moto maandishi yake mengi kwa uchungu, na baadaye akajutia. Lakini mwaka 1555 alitoa kitabu chake mara ya pili, na hapo alikwenda mbele zaidi. Galeno alisema kwamba damu hupita ukuta wa katikati ya moyo kupitia vitundu visivyoonekana. Mwaka 1543 Vesalius alikuwa bado hajathubutu kukataa waziwazi. Mwaka 1555 aliandika kwamba haoni jinsi damu inavyoweza kupita pale.

Vichwa viwili vya kifalme

Katika miaka ya ikulu, elimu yake ya fuvu ilipimwa mara mbili. Mwaka 1559 Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa, mtu aliyewatesa Waprotestanti wa nchi yake, alijeruhiwa katika mchezo wa mikuki juu ya farasi. Vipande vya mti viliingia karibu na jicho. Vesalius aliitwa kutoka Bruxelles, akamkuta Ambroise Paré, mpasuaji maarufu wa Ufaransa. Mfalme alikufa tarehe 10 Julai. Walipofungua kichwa walikuta fuvu halikuvunjika, lakini ubongo uliumia upande wa nyuma, mbali na mahali pa pigo. Hilo linafaa kukumbukwa na kila anayepanda pikipiki bila kofia ngumu. Kichwa kinaweza kuonekana kizima kwa nje, na ndani kukawa na jeraha la kuua.

Mwaka 1562, katika Uhispania, Don Carlos, mwana wa Mfalme Philip wa Pili, alianguka kwenye ngazi akaumia kichwa. Homa ilimzidi, madaktari wakabishana, na Vesalius alikuwa kati yao. Watu walileta pia mwili wa mtawa Diego, aliyekufa karibu miaka 100 nyuma, wakauweka kando ya mgonjwa. Kijana alipona. Sifa zote zikaenda kwa marehemu Diego, ambaye mwaka 1588 alitangazwa mtakatifu, na jasho la madaktari likasahauliwa. Sisi tunajua kwamba uponyaji wote ni wa Mungu, na kwamba yeye hutumia mikono ya watu walio hai. Kumshukuru Mungu katika ibada na kutomlipa muuguzi mshahara wake si shukrani.

Safari ya mwisho

Mwaka 1564 Vesalius alisafiri kwenda Yerusalemu. Uvumi ulienea kwamba alimpasua mtu ambaye moyo wake ulikuwa bado unapiga, na kwamba safari ilikuwa adhabu yake. Wanahistoria hawaukubali uvumi huo. Alifika nchi ya Golgotha, lakini nyumbani hakurudi. Mwezi wa Oktoba 1564 alikufa katika kisiwa cha Zakynthos, cha Wagiriki, akiwa na miaka 49. Kaburi lake halijulikani kwa hakika. Mtu aliyeeleza mifupa ya watu wote, mifupa yake mwenyewe hatujui iliko.

Sisi tujifunze nini?

Kwanza, kupima mambo si kukosa imani. Waberoya wa Matendo 17 walisifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo yalikuwa kweli. Kama mtume mwenyewe alipimwa, nabii wa leo anayeuza mafuta ya uponyaji naye apimwe. Vesalius alimheshimu Galeno, alisoma vitabu vyake na hata alisaidia kuvitoa upya, lakini hakuacha heshima ifunge macho yake.

Pili, na hili ndilo lililonisukuma kuandika. Baada ya Vesalius, wengine walichukua mafuvu kwa nia tofauti. Walipima ukubwa wa vichwa, urefu wa pua na umbo la taya ili kuyapanga mataifa, huyu juu na yule chini. Mwaka 1884, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, askari wa Ubelgiji Émile Storms alituma watu wamwue Lusinga, mkuu wa Watabwa, na kichwa chake kikakatwa. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa, likawekwa kwenye makumbusho ya Bruxelles, mji aliozaliwa Vesalius. Wakoloni walipima pua na vichwa pia katika Rwanda na Burundi, na matunda ya vipimo hivyo tumeyala kwa machozi.

Wakoloni wameondoka, lakini vipimo vimebaki machoni petu. Kwenye vizuizi vya barabara, sokoni, hata kwenye benchi za kanisa, kuna watu wanaotazama pua ya mtu na paji la uso wake kisha wanaamua kama ni ndugu au ni adui, kama apite au auawe. Ndugu zangu, tuliambiane ukweli. Chini ya ngozi ya yule unayemwogopa kuna mifupa 22, na taya moja la chini lililoungana akiwa mtoto mchanga, kama lako. Vesalius alilinganisha fuvu la mtu na la mbwa, akaona tofauti. Tofauti hiyo inatosha. Anayemfananisha jirani yake na mbwa au nyoka au mende hajui mifupa, na hajui Mwanzo sura ya 1, ambapo mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu.

Na juu ya ile Golgotha, mahali pa Fuvu, Kristo alikufa kwa ajili ya vichwa vyote bila kupima hata kimoja. Bwana atusaidie kutazamana kwa macho yake. Amina.